Flashi imedondoka: mwongozo kutoka meza ya steshenari, Mtwara

Pembeni ya mashine yangu ya kopi kuna kopo la Blue Band ambalo siagi yake iliisha zamani. Siku hizi linakaa flashi kumi na tisa na memori kadi sita, zote zimesahauliwa na wateja. Msimu wa korosho ukifunguliwa kopo hujaa haraka. Makarani wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya wakulima, wanashuka kutoka Newala, Tandahimba na Nanyamba, wanaprinti orodha mbio mbio wawahi gari la kurudi, na flashi inabaki imechomekwa.

Msimu mmoja alinijia karani jioni, jasho linamtoka, salamu yenyewe nusu.

"Kaka, hujaona flashi hapa? Nyeusi, ndogo."

"Nyeusi ndogo ninazo nne. Ina nini ndani?"

"Mambo ya chama tu. Yenyewe nilinunua elfu kumi na tano."

Nikamwambia hiyo elfu kumi na tano tuiweke pembeni, tuhesabu kilichomo. Akaanza na vidole: orodha ya wakulima, majina matatu matatu, namba za simu, namba za NIDA za kitambulisho cha taifa, akaunti za benki, kilo za kila mtu kwa kila mnada. Vitambulisho vya wajumbe wa bodi, vimeskaniwa. Vyeti vyake mwenyewe, alikuwa anaomba kazi. Picha za harusi ya dada yake. Alipofika kwenye picha akavuta kiti, akakaa.

Flashi tuliipata. Ilikuwa nyuma ya kompyuta namba tatu, kwenye tundu la USB ambalo mtu haoni mpaka ainame, na ilikaa pale siku mbili. Katika siku hizo mbili kompyuta hiyo ilitumiwa na wanafunzi wa chuo, watu wa maombi ya ajira, na vijana waliokuja kusubiri mvua iishe. Nani aliifungua na nani hakuifungua, mimi sijui na yeye hajui. Flashi ikinakiliwa haionyeshi chochote. Haipungui, haichubuki.

Kwa hiyo hatua zifuatazo nyingi ni za kabla ya kupoteza. Ikishadondoka, kinachobaki ni kuwahi.

Hatua ya 1: Andika kilichomo, leo

Chukua daftari, chomeka flashi, fungua folda moja moja, andika. Usiandike "mambo ya ofisi". Andika: "orodha ya wakulima, msimu huu, ina NIDA na akaunti". Andika pia vile ulivyoviweka miaka mitatu nyuma ukavisahau, maana hivyo ndivyo vinavyouma. Nimeona watu wakigundua mbele yangu kwamba flashi ya kazi ina nakala ya hukumu ya talaka yao. Daftari libaki nyumbani.

Ukiwa unaandika, jiulize kila faili ni la nani. Hapo wengi tunakosea, tunadhani siri iliyopotea ni yetu. Chukua orodha ya karani yule. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mwenye namba. Sasa nitajie ni wazee wangapi kijijini kwako wameweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu.

Ubaya hauishii kwenye kubahatisha namba ya siri. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" umeshamfikia kila Mtanzania, hata bibi yangu anaucheka. Lakini fikiria mzee wa Kitangari anapigiwa simu katikati ya msimu: "Shikamoo mzee, naongea kutoka chama cha msingi. Zile kilo zako 412 za mnada wa pili, malipo yamerudishwa na benki, jina halilingani na NIDA. Kuna tarakimu zinaingia kwenye simu yako sasa hivi, nisomee." Kilo ni zake kweli, mnada ni wa kweli, na fedha kweli anaisubiri. Atazisoma. Tapeli wa kawaida anarusha ndoano baharini bila kuona samaki, mwenye orodha ile anachota kwenye ndoo.

Na zipo siri zisizo na bei. Huku kwetu Kusini kuna shughuli ambazo mwanamume haingii: mwali akifundwa, wanawake wakicheza singo ndani ya ukuta, mitandio imewekwa pembeni. Siku hizi shughuli hizo zinarekodiwa, mpiga picha naye ni mwanamke, na wote wanaamini picha zitabaki kwao. Kinachobeba uaminifu huo wote ni memori kadi ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ikidondoka kwenye bajaji kati ya Chuno na Magomeni, hakuna fidia itakayowarudishia wale kina mama kile walichokuwa nacho asubuhi.

Picha za simu zina jambo la ziada. Kama kamera yako imeruhusiwa kurekodi mahali, kila picha inabeba ndani yake vipimo vya ramani vya pale ilipopigwa, na picha ya mtoto sebuleni inaweza kumpeleka mtu mpaka mlangoni. Ruhusa hiyo izime kwenye mipangilio ya kamera.

Hatua ya 2: Punguza mzigo

Kisichohitajika safari hii kibaki nyumbani. Kwa wateja wangu nashauri flashi mbili, na najua nitaonekana nafanya biashara kwa sababu nauza flashi. Ya kwanza ni ya kazi, haiji steshenari. Ya pili ni ya kuprinti, ndogo, rahisi, inabeba faili moja la PDF unalotaka kutoa siku hiyo. Kompyuta zetu za mtaani zinachomekwa kila kitu na kila mtu. Vile virusi vinavyogeuza folda zako zote kuwa shotikati, wengi mmevipatia kwetu, sitakataa. Flashi ya kuprinti ikiumwa au ikipotea, umepoteza karatasi tatu.

Halafu kuna kufuta, na hapa naomba tuelewane vizuri. Ukifuta faili kwenye flashi haliendi kwenye Recycle Bin kama la kwenye kompyuta, linatoweka mara moja, na mtu anaridhika. Lakini kompyuta haikulichoma. Imefuta tu jina lake kwenye orodha ya ndani na kuandika kwamba nafasi ile sasa ni huru. Ni kama duka lililong'olewa kibao: anayepita barabarani haoni duka, ila gunia za mchele bado zipo ndani mpaka mpangaji mwingine aje na mzigo wake. Programu za bure kama PhotoRec na Recuva kazi yake ni kuingia na kuhesabu gunia hizo. Mimi mwenyewe nazitumia kuwaokolea wanafunzi tasnifu zao, kwa hiyo usidhani ni ufundi wa kijasusi.

Wapiga picha wa harusi, hili ni lenu. Ile flashi ya kumpa bibi harusi albamu yake, kama jana ilikuwa na shughuli ya mtu mwingine na umefuta tu, umempa mbili.

Kusafisha flashi kwenye Windows, bofya kulia, chagua "Format", kisha ondoa alama kwenye "Quick Format" kabla ya kuanza. Ile ya haraka inafuta orodha peke yake, isiyo ya haraka inaandika sufuri juu ya nafasi yote. Inachukua muda, flashi kubwa unaweza kunywa chai na kurudi bado inaendelea. Hata hivyo flashi zina tabia ya kuficha sehemu chache za ndani ambazo kompyuta haizifikii, kwa hiyo flashi iliyobeba siri nzito na imechoka usiigawe wala usiiuze. Ifungue ganda, tafuta kile kipande cheusi cha mraba, kipasue kwa nyundo. Kuvunja ganda la plastiki tu ni kujifurahisha.

Hatua ya 3: Ifunge kwa neno la siri

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukizichoka nyingine zote, hii usiiache.

Njia nyepesi ni 7-Zip, programu ya bure. Unabofya kulia kwenye folda, unachagua "Add to archive", muundo uwe 7z, unaandika neno la siri mara mbili, kisha unaweka alama kwenye "Encrypt file names". Alama hiyo wengi wanaiacha. Usipoiweka, mtu hataweza kufungua mafaili ila atasoma majina yake, na jina kama "Wagonjwa wa kifua kikuu Januari" limeshasema habari yote. Ukimaliza, ile folda ya wazi uliyoanza nayo iondoe kwenye flashi. Nimeshaona mtu amefunga vizuri, na pembeni yake ameacha ile ile isiyofungwa.

Tahadhari moja: ukifungua faili moja kwa moja ndani ya kifurushi cha 7-Zip, programu inatoa nakala ya muda na kuiweka kwenye kompyuta unayotumia. Kompyuta yako sawa. Ya steshenari siyo sawa.

Njia imara zaidi ni BitLocker, ambayo inafunga flashi nzima. Ipo kwenye Windows za Pro. Zile za Home zinaweza kufungua flashi iliyokwisha kufungwa ila haziwezi kuifunga, hivyo uliza ofisini au kwa fundi mwenye Pro. Unabofya kulia kwenye flashi, "Turn on BitLocker", unachagua kutumia neno la siri. Itakupa funguo ya akiba yenye tarakimu 48, ya siku utakayosahau neno lako. Iprinti, iweke na hati za nyumba. Usiiweke kwenye flashi hiyo hiyo, na usicheke, wapo waliofanya. Kisha itauliza ufunge sehemu iliyotumika tu au flashi yote. Kama flashi ni mpya, sehemu iliyotumika inatosha. Kama imeshatumika, chagua yote, kwa sababu ya zile gunia za mchele.

Ofisi yenu ikichanganya Windows na Mac, tumieni VeraCrypt, programu ya kufunga inayokubali zote mbili, nayo ni bure. Kwenye kompyuta za watu inasumbua, maana inataka ruhusa za msimamizi.

Neno la siri lenyewe liwe refu na la kwenu. Maneno manne yasiyohusiana, mfano chombo cha jikoni, jina la utani la mjomba, samaki, na kijiji ulichowahi kulala, ni magumu kubahatisha kuliko "Mtwara2024!". Halafu ufunge mdomo. Juni 2022, huko Amagasaki, Japani, mfanyakazi aliyekuwa akifanya kazi ya manispaa kupitia kampuni binafsi alitoka na flashi zenye taarifa za wakazi wote wa mji, kama 460,000. Akaenda kunywa, akalala barabarani, akaamka begi halipo. Begi lilipatikana baadaye, na flashi zilikuwa zimefungwa, hapo walijiokoa. Ila maofisa wa mji, wakiwatuliza wananchi mbele ya waandishi wa habari, walitaja neno la siri lina herufi na tarakimu ngapi. Mwizi anaanza kubahatisha akiwa gizani, wao wakamwashia taa.

Hatua ya 4: Iwekee namba ya simu kwa nje

Kipande cha plasta, kalamu ya wino usiofutika, namba yako, basi. Usiandike jina la ofisi wala "Mahesabu ya chama".

Sababu ni hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwahi kudondosha flashi 297 kwenye viwanja vya chuo chao waone nini kitatokea. Karibu zote ziliokotwa, na karibu nusu zilichomekwa na mafaili yake kufunguliwa. Wengi wa waliofungua na kukubali kuhojiwa walisema walikuwa wanamtafuta mwenyewe. Zile zenye anwani ya mwenye mali kwa nje zilifunguliwa mara chache kuliko nyingine. Mwokotaji wa Soko Kuu hana tofauti: akikosa namba kwa nje atatafuta jina ndani, na njiani kuelekea kwenye jina atapita kwenye picha zako zote kwa nia njema kabisa.

Ifunge pia kwenye kitu kikubwa. Kamba ya shingoni, kipande cha kitenge, funguo za nyumba.

Hatua ya 5: Imepotea. Saa ya kwanza

Rudi ulikoprinti kwanza, kabla ya kulia. Inama uangalie nyuma ya kompyuta. Kisha gari ulilopanda: kama ulikuwa na tiketi, namba ya simu ya wakala ipo juu yake, na konda akipigiwa kabla gari halijasafishwa ana nafasi nzuri ya kuiona. Dereva wa bajaji au bodaboda anajulikana kijiweni kwake.

Unaweza kutangaza kwenye magrupu ya WhatsApp, ila angalia unachoandika. "Jamani nimepoteza flashi ina orodha ya wakulima na akaunti zao" ni tangazo la kumwambia aliyeokota kwamba ameokota dhahabu. Andika: "Imepotea flashi nyeusi yenye kamba nyekundu, kati ya stendi na Bima. Mwenye kuiona apige namba hii, nina ahsante yake." Imetosha.

Hatua ya 6: Siku hiyo hiyo

Fungua daftari la hatua ya 1. Kama flashi ilikuwa imefungwa vizuri, umepoteza elfu kumi na tano na jioni moja. Toa taarifa kazini, nenda kalale. Kama ilikuwa wazi, fanya kana kwamba imesomwa.

Kwanza badilisha maneno ya siri uliyokuwa umeyahifadhi humo, ukianza na la barua pepe, kwa sababu aliyeshika barua pepe yako anaweza kuomba abadilishiwe mengine yote. Kama kulikuwa na kitambulisho chako, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Laini husajiliwa kwa alama ya kidole, kwa hiyo nakala peke yake haitoshi kusajili, lakini kuangalia hakugharimu kitu, na wengi wakiangalia wanakuta laini ambayo hawaikumbuki hata bila kupoteza flashi. Polisi wanatoa taarifa ya kupotelewa, na siku hizi unaweza kuiomba mtandaoni. Ichukue, siku akaunti au cheti chako kikionekana mahali pabaya utakuwa na karatasi yenye tarehe.

Pili, mwambie bosi. Najua hili ndilo linalochelewesha watu, kwa sababu ya aibu na hofu ya mshahara. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda, na zikivuja kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Saa zinahesabiwa. Ukikaa kimya wiki nzima ukiomba Mungu ionekane, unageuza bahati mbaya yako kuwa kosa la ofisi nzima.

Tatu, waambie wenye taarifa. Karani wangu alisitasita hapa kuliko pote. "Nikiwaambia, mwakani hawanichagui," alisema. Tukaandika tangazo, nikamprintia bure, likabandikwa kwenye ghala na kusomwa kwenye mkutano:

"Ndugu mwanachama, orodha yenye majina, simu na akaunti zetu ilikaa siku mbili mahali pasipo salama. Mtu akikupigia anajua kilo zako, usidhani ndiyo uthibitisho kuwa ametoka chama. Chama hakitakuuliza namba ya siri wala tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Ukipigiwa, kata, njoo ofisini."

Mistari michache, haina maelezo ya jinsi flashi inavyofanya kazi, na hata asiyesoma akisomewa anakumbuka. Ujumbe wa matapeli ukianza kuingia, unautuma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Kama kilichopotea ni picha za faragha na mtu ameanza kutisha, usimtumie hata mia. Akishapokea mara ya kwanza amejua unalipa. Piga picha za skrini za ujumbe wake wote, namba ionekane, usifute kitu, nenda polisi. Vituo vingi vina dawati la jinsia na watoto, na dada au mama anaweza kueleza jambo lake hapo bila kusimama kaunta mbele ya watu.

Hatua ya 7: Ikirudi

Mshukuru aliyeileta, mpe ahsante yake. Usiichomeke kwenye kompyuta ya kazi. Ichomeke kwenye yenye kinga ya virusi iliyo hai, iskani, toa unachohitaji, kisha ifomati ile ya polepole. Na yote ya hatua ya 6 yanabaki vile vile hata kama aliyeileta ni sheikh au padri, kwa sababu huwezi kujua ilipitia mikono gani kabla yake.

Wanaokuja kuulizia kopo langu huwa nawauliza mambo mawili: alama ya nje, na jina linalotokea flashi ikichomekwa. Mengine siyafungui. Akishindwa yote mawili anaondoka bila kitu, hata kama tunasali naye msikiti mmoja.

Karani yule alirudi msimu uliofuata. Alichaguliwa. Akaprinti, akakimbilia gari, na kamba nyekundu ikabaki inaning'inia kwenye kompyuta namba tatu. Niliichomoa, nikaichomeka kwenye ya kwangu nione jina. Kompyuta ikaniomba neno la siri. Kesho yake alipokuja nilimgeuzia kibodi, nikaenda kuhesabu karatasi huku akiandika.